Anayekuuguza, Nani Anamuuguza?

Hotuba hii niliitoa Uyole, Mbeya, kwenye mkutano wa wanandoa. Wengi ambao hawakuweza kufika wameiomba, nami naiweka yote kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum! Wazee wangu mliovuka Uporoto kutoka Rungwe na Kyela, mugonile. Nanyi wa Njombe na Iringa, kamwene.

Mwenyekiti, ulinipa mada ya kumhudumia mwenza aliye mgonjwa. Nakushukuru. Lakini mada hiyo wapo wanaoijua kuliko mimi, na akina mama wengi mliokaa humu mngeweza kuifundisha mkiwa mmefumba macho. Leo naomba niwageukie wagonjwa wenzangu. Wewe uliyetoka hospitalini, unayemezea dawa nyumbani, unayeambiwa na kila anayekuja kukuona, "Pumzika, usijishughulishe na lolote." Nina swali moja kwako. Huyo anayekuuguza, nani anamuuguza?

Nani? Maana dunia haimsubiri mpaka upone ndipo impige. Shamba lake linakufa wewe ukiwa wodini. Anasimamishwa kazi wewe ukiwa ndiyo kwanza umeanza kunywa uji. Anafiwa, na hata matanga hakai yakaisha kwa sababu lazima awahi kukupeleka kliniki. Kila akitaka kufungua mdomo anajiuliza: mtu ametoka kupasuliwa juzi, nimwongezee na haya? Anameza. Siku inapita, anameza tena.

Ndugu zangu, mimi nasema hivi: ukishaanza kupata nafuu, mwenzako ana haki ya kukutegemea tena. Sikusema ukishapona kabisa. Yapo magonjwa ambayo kupona kabisa hakupo, kuna kuishi nayo. Nasema sasa hivi, kwa hizo nguvu kidogo ulizo nazo.

Nitaanza na ya kwangu, na mume wangu, mzee wangu aliyekaa pale nyuma, ameniruhusu.

Mimi ni fundi cherehani. Niliugua saratani ya titi la kushoto. Nikafanyiwa upasuaji, nikapewa kemo, yaani zile dawa kali za saratani, kisha nikapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi. Wanaoijua mionzi wanajua. Inapigwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Huwezi kusema unakwenda asubuhi unarudi jioni. Unahamia huko. Na mimi nilikuwa siwezi kuhamia peke yangu, hivyo mume wangu akafunga mlango tukaondoka wote.

Sasa mume wangu ni mtu wa viazi. Wakulima mliomo humu, semeni wenyewe: kiazi wakati wa masika kikikosa dawa ya ukungu kinasubiri? Hakisubiri. Kwa baridi yetu na mvua zetu, leo unaona madoa machache kwenye majani, baada ya wiki mbili shamba zima limenyauka kama limemwagiwa maji ya moto. Alimwachia kijana fedha ya dawa, kijana akapulizia mara moja, akanyamaza. Mume wangu akapigiwa simu akiwa kwenye benchi ananisubiri nitoke kwenye mashine. Nilipotoka aliniuliza, "Umeumia leo?" Nikamwambia sikuumia. Akasema, "Vizuri, twende ukale." Kuhusu shamba hakusema neno.

Tuliporudi nyumbani sikuambiwa pia. Nauli, chakula, dawa ambazo bima haikuzigusa, vyote vilikuwa vimetoka kwenye mtaji wa viazi, na mtaji ulipokatika akaingia kwenye mikopo. Mnaijua ile ya kausha damu. Unachukua leo, kesho unaanza marejesho, ukikosa siku moja kuna faini, na faini nayo inazaa. Aliweka dhamana kadi ya pikipiki na vitu vya sebuleni. Nikagundua siku vijana walipokuja na karatasi kuhesabu makochi, mimi nikiwa nimelala humo humo sebuleni nimejifunika blanketi, kichwani sina unywele.

Akina mama, hebu niwaulize. Siku kama hiyo mdomo unataka kusema nini? Unataka kusema, "Kwa nini hukuniambia?" Unataka kusema, "Umetuua." Na una haki ya kukasirika, mimi sikatai. Lakini nilimtazama mume wangu alivyosimama mlangoni. Yule mtu aliyekuwa akinibeba kunipeleka chooni, amesimama kwake kama mgeni, hajui mikono aiweke wapi. Nikawaambia wale vijana wakae, nikawauliza wanadai kiasi gani na karatasi inasemaje. Basi. Nikawaomba wampe muda hadi Ijumaa. Wakatoka.

Walipotoka nikamwomba aniletee daftari langu la wateja, lile la vipimo vya nguo. Nikafungua kurasa za nyuma, nikamwambia, "Nitajie yote, nami naandika." Alianza na lile dogo. Mwenye deni huanza na lile dogo. Nikaandika bila kuinua uso, kwa sababu nilijua nikiinua uso ataacha. Tukaenda hivyo mpaka likatoka lile kubwa, ambalo lilikuwa la ndugu yangu mwenyewe wa tumbo moja, na ndilo lililokuwa linamnyima usingizi kuliko yote.

Ile jioni ndiyo tiba yake ilipoanzia. Na aliyempa ni mtu ambaye hakuweza kubeba hata sufuria la maji.

Nizungumze kidogo kuhusu hayo madeni, kwa sababu najua humu ndani kuna watu wanaoumia. Wakopeshaji wa namna hii wanatakiwa kuwa na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji hao, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa siku wala kwa wiki! Kwa hiyo kabla hujauza kuku wa mwisho, muulize anayekudai akuonyeshe leseni na mkataba. Sisi mmoja wao hakuwa nayo. Tulikwenda naye kwa afisa maendeleo ya jamii, tukakubaliana tulipe alichotoa na nyongeza inayoeleweka, tukaandikishana. Mume wangu asingekwenda peke yake. Alikuwa na aibu. Mimi nilikwenda naye nikiwa na kilemba kichwani na koti juu, tukaingia ofisini pamoja, tukakaa viti viwili.

Na nyumba je? Alikuwapo aliyemshauri aiuze. Ndugu zangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Msiweke sahihi hamuelewi mnaweka nini, hasa ukiwa kitandani umelewa dawa.

Nikishaigusa hiyo sheria, nisogee mbele kidogo, kifungu cha 63. Wengi wetu tunakijua kipande cha kwanza, kwamba mume ana wajibu wa kumtunza mke. Tunaishia hapo. Kinaendelea: mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza mume wake pale mume anaposhindwa kujipatia riziki, kikamilifu au kwa sehemu, kwa sababu ya kuumia au maradhi ya mwili au ya akili. Kumbe hata walioandika sheria waliona kwamba anayebeba anaweza kuja kubebwa. Huko kwetu Rungwe mgomba ukizaa mkungu mkubwa hatuulizi kama mgomba huo ni dhaifu. Tunauwekea mwega kwa sababu umebeba.

Sasa niende kwenye jambo linalouma zaidi ya fedha. Ni heshima.

Mwanaume wa huku akikatikiwa na mtaji anabaki na nini mbele za watu? Mume wangu aliacha kwenda sokoni. Alikuwa akitoka kupitia njia ya nyuma. Halafu akaanza kupitia kwenye kilabu cha pombe jioni, yeye ambaye hakuwa mtu wa kilabu. Kaka zangu wakasikia, wakaja. Walikuja kwa upendo, sitaki mwafikirie vibaya, walikuja kumtetea dada yao mgonjwa. Wakamweka kitako. Kaka mkubwa akasema, "Shemeji, mwanaume gani mtaji unamfia mkononi, na mke yuko kitandani?"

Niliinuka. Nilikuwa bado na kizunguzungu cha kemo, nikashika ukuta. Nikasema, "Kaka, nakuheshimu kama baba. Lakini hiyo fedha yote iliyopotea, ilipotea huyu akiwa amekaa kwenye benchi ananisubiri mimi. Angekuwa shambani, viazi vingekuwapo, na mimi nisingekuwapo. Mnataka kipi?"

Kimya. Kisha kaka yangu akanyoosha mkono akampa shemeji yake, na lile deni lake akasema litalipwa viazi vikirudi.

Mgonjwa mwenzangu, hilo neno hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kulisema. Mchungaji hawezi. Mwenyekiti wa mtaa hawezi. Shahidi wa yale mwenzako aliyoyafanya usiku wa manane ni wewe peke yako. Watu wanaona amefilisika. Wewe unajua alifilisika akifanya nini. Msemee! Sema mbele ya ndugu zako, sema mbele ya ndugu zake, sema watoto wakisikia. Mwenzako ana haki ya kukutegemea tena, na kwa hili hauhitaji hata kuinuka kitandani.

Labda mtu atasema, huyu mama ana ulimi, mimi mgonjwa wangu hata kusema hawezi. Sawa. Yuko baba mmoja jirani zetu, dereva wa lori aliyestaafu. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakamtoka. Mkewe alikuwa na genge la ndizi na parachichi, na akiba yake yote ilikuwa kwenye kikoba. Wakati anamgeuza mumewe kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, mweka hazina wa kikoba akatoroka na fedha. Hisa za mwaka mzima. Yule mama alirudi nyumbani akakaa jikoni gizani.

Yule baba anawezaje kumsaidia? Hana mkono, hana ulimi. Basi alichofanya, alianza kudai aletewe maharage mabichi ya kumenya. Anamenya kwa mkono wa kushoto, anaulazimisha na ule wa kulia ushike ganda. Ikawa kazi yake ya kila siku: maharage yakimenywa yanauzwa kwa bei nzuri zaidi pale gengeni. Na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoona alifurahi sana, kwa sababu baada ya kiharusi ubongo unajifunza upya kwa kurudia rudia tendo lile lile, na kazi yenye maana nyumbani humfanya mtu arudie bila kuchoka upesi.

Lakini lililonigusa mimi ni jingine. Kwao kuna kile kipimo cha presha cha mkononi, walinunua kwa ajili yake. Kila jioni mkewe akimpima, yule baba anakataa kuvuliwa ule mkanda mpaka mama aahidi naye atapima. Anamwonyesha kwa kidole: wewe. Wewe! Mama alikuwa anacheka, anasema mimi mzima. Siku moja akapima ili tu amridhishe. Ilikuwa imevuka 140 kwa 90, na kurudia kesho yake bado iko juu, na kesho kutwa. Akapelekwa kituo cha afya, akaanzishiwa dawa. Presha haina dalili kwa watu wengi, na presha ndiyo inayoongoza kuleta kiharusi. Yule mama alikuwa anauguza kiharusi huku cha kwake kinamnyemelea. Aliyemwokoa ni mgonjwa asiyeweza kutamka jina lake.

Mwingine ni kijana wa machimbo ya Chunya. Sitamsimulia sana maana bado ni mbichi. Alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu, zile za miezi sita, na katikati ya hizo dawa mimba ya mkewe ikatoka. Wageni wakija wanamuuliza yeye: umemeza dawa, kikohozi vipi, unakula? Mkewe yuko pembeni anawapikia chai. Kijana akawaambia wageni, "Mimi naendelea vizuri. Mpeni pole mke wangu, tumepoteza mtoto." Hivyo tu. Mkewe mwenyewe aliniambia kwamba siku ile ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, sasa kuna upande ambao lazima niuseme kwa ukali kidogo.

Kumsaidia mwenzako si kuacha matibabu. Nimewasikia akina mama wanaosema, nauli ya kliniki hii safari naiacha iwe mtaji wa baba watoto. Hapana. Hapana kabisa! Mimi nimemaliza kemo na mionzi, halafu nimepewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Nikiviacha ili tununue mbegu, tutavuna viazi vya kunizikia. Na wewe uliye kwenye kemo, ukipata homa ya nyuzi 38 usijikaze kwa sababu unamwonea huruma mwenzako aliyechoka. Mwamshe. Saa nane za usiku, mwamshe mwende hospitali, kwa kuwa kemo hushusha kinga na maambukizi madogo yanaweza kukuondoa upesi. Kumwacha alale usiku huo si huruma.

Tena ujue mwili utakuangusha katikati ya safari. Mkono wangu wa kushoto, kwa sababu walitoa tezi za kwapani, ulivimba pale nilipofikiri nimeshasimama. Ulikuwa ni msimu wa sare za shule, wateja wamejaa. Nikaambiwa nipunguze cherehani, nisibebe ndoo kwa mkono huo, nisipimwe presha upande huo, nifanye mazoezi na kuufunga bandeji maalumu. Na msimu huo huo mume wangu alikuwa amerudi shambani, kiazi kimekubali, na bei ikaanguka! Kila mtu alikuwa na viazi. Madalali wanataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, na bado wanakupa bei ya kutupa.

Tulifanyaje? Tuligawana kilichobaki. Mkono mmoja wangu unaandika na kushika simu. Miguu na mgongo ni vya kwake. Nikawa mimi ndiye ninayewapigia wateja wa Tunduma, Chunya na Makambako kuuliza bei kabla hajapakia, kwa sababu alikuwa anapakia kwanza kisha anauliza bei akiwa ameshafika, na hapo dalali anajua huna pa kwenda. Siku ambazo nimechoka, na uchovu wa saratani haufanani na uchovu wa kulima, unakukuta hata ukiwa umelala mchana kutwa, siku hizo nilimwambia wazi, "Leo sina kitu." Naye akajifunza kuniambia hivyo hivyo. Kuna jioni tulikuwa wote hatuna kitu, watoto wakala ugali na mchuzi wa maharage ya jana, na nyumba haikuanguka.

Kilabu je? Mtaniuliza, najua. Sikumfuata kilabuni na sikumfungia mlango. Nilimwita rafiki yake wa zamani ambaye walilima pamoja wakiwa vijana, nikamwambia rafiki yako amepotea, njoo umchukue. Akaja na jembe. Baadhi ya mambo mwanaume atayasikia kwa mwanaume mwenzake mkiwa kwenye matuta, na mke mwenye busara analijua hilo na haoni wivu. Kama mwenzako halali usingizi, hali chakula, anasema hana haja ya kuishi, hapo msimalizane na rafiki wala maombi peke yake. Mpelekeni hospitali akaonane na daktari wa afya ya akili. Maombi yataendelea njiani.

Mwenyekiti, naona umeshaangalia saa. Niseme ombi langu kwa viongozi wa jumuiya na vikundi vya faraja.

Mnapokwenda kumwona mgonjwa mnabeba sukari, mchele, sabuni. Endeleeni, Mungu awabariki. Ila mmoja wenu atoke nje na yule anayeuguza, wakae hata kwenye ngazi, amuulize: kazi yako inakwendaje? Unadaiwa? Ulilala lini mara ya mwisho usiku mzima? Na mgonjwa, wewe ndiye uwaambie wageni waulize hivyo. Usisubiri wakumbuke wenyewe.

Mama Mchungaji amenidokeza kwamba muuguzi wetu amefika na mashine ya presha, yuko kwenye kile chumba cha pembeni. Naomba leo foleni ianze na wale wanaouguza. Sisi wagonjwa tukae, tutaitwa baadaye. Mzee wangu, wewe uwe wa kwanza, tafadhali.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.